Senti kumi za 1936 na heller za Tabora: ni sarafu moja au ni tofauti?

Swali: "Shikamoo mzee. Naandika kutoka Korogwe. Marehemu bibi yetu ametuachia kopo la sarafu za zamani. Nyingi ni senti kumi za tundu zilizoandikwa EAST AFRICA. Nilipozichambua za mwaka 1936 nikakuta nyingine zina herufi H, nyingine KN, nyingine hazina herufi yoyote. Halafu kuna vipande viwili vya 20 HELLER vya mwaka 1916. Vyote vina herufi T, lakini taji la kimoja ni kubwa kuliko la mwenzake, na rangi zao hazilingani. Kuna bwana anataka kununua kopo zima kwa kilo. Je, hizi ni sarafu tofauti au ni zile zile? Na nitajuaje tofauti ya kweli na uchakavu tu?"

Marahaba, binti yangu, na poleni sana kwa msiba. Huyo bwana wa kilo mwambie asubiri. Kabla hujasoma zaidi naomba pia usizioshe hizo sarafu kwa ndimu, majivu, dawa ya meno wala dawa ya kung'arishia shaba. Nitaeleza sababu huko chini.

Jibu fupi ni kwamba ni tofauti. Senti kumi zako za 1936 ni za aina tatu, na heller zako mbili, sarafu ndogo za koloni la Wajerumani, karibu hakika hazikutoka kwenye muhuri mmoja. Ninaposema muhuri nina maana ya kile chuma kigumu kilichochongwa picha na maandishi, kinachogongwa juu ya kipande kitupu cha madini mpaka kinakuwa sarafu. Kila sarafu huhitaji mihuri miwili, mmoja wa upande huu na mwingine wa upande wa pili. Ukilishika hilo, mengine yote yatakuja yenyewe.

Tuanze na H na KN. Serikali ya kikoloni ya Afrika Mashariki haikuwa na kiwanda chake cha sarafu. Kazi ilipelekwa kwenye kiwanda cha kifalme cha London, na London ikielemewa iliwagawia wenye viwanda binafsi wa Birmingham. H ni Heaton, ukoo ulionunua mnadani mwaka 1850 sehemu ya mitambo ya kiwanda cha zamani cha Soho, kisha ukafua sarafu za nchi nyingi mno duniani. KN ni kampuni ya King's Norton, nayo ya Birmingham. Isiyo na herufi ni ya London kwenyewe. Mtindo huo haukuwa wa makoloni peke yake: hata peni ya Uingereza ya mwaka 1912 ipo yenye H, na za 1918 na 1919 zipo zenye H na zenye KN, herufi zikiwa kushoto kwa mwaka. Ukiwa na ndugu anayeishi Uingereza, mwambie azitafute kwenye maduka ya vitu vya kale, atazoea herufi hizo haraka.

Mwaka 1936 una habari yake. Soma jina la mfalme kwenye upande wenye taji. Kwenye nyingi utakuta EDWARDVS VIII. Edward wa Nane alitawala kuanzia Januari 1936, akajiuzulu Desemba ya mwaka huo huo kabla hajavikwa taji. Huko kwao Uingereza hakuna sarafu yenye sura yake iliyowahi kutolewa kwa wananchi. Lakini sarafu zetu za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, kwa sababu mahali pa sura pana tundu, kwa hiyo ilitosha kubadilisha jina na kazi ikaendelea. Ndiyo maana mkusanyaji wa popote duniani anayetaka sarafu ya Edward wa Nane kwa bei rahisi hutafuta senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki, au zile za Afrika Magharibi ya Kiingereza. Senti kumi ilifuliwa London, kwa Heaton na King's Norton. Ile isiyo na herufi ndiyo iliyotolewa kwa uchache kuliko nyingine, kama milioni 2, wakati H na KN zilivuka milioni 4 kila moja. Senti tano, ile ndururu ya wazee wetu, utaikuta ya H na ya KN. Hakuna kati ya hizi itakayokujengea nyumba, lakini sarafu tatu za senti kumi na mbili za senti tano, zikiwa safi, ni seti kamili ya mfalme mmoja, na seti ina wanunuzi ambao kipande kimoja hakina.

Mahali ilipo herufi hupishana kutoka sarafu moja hadi nyingine, kwa hiyo usiangalie pembe moja tu. Shika sarafu chini ya taa inayotoka ubavuni, izungushe polepole, na upitie sehemu yote tupu iliyo kando ya pembe za ndovu, chini ya mwaka na karibu na tundu. Lenzi ya fundi saa ya kukuza mara 10 inatosha. Kubwa zaidi ya hapo itakuonyesha mikwaruzo mpaka usahau unachotafuta.

Kopo la bibi likiwa na za miaka ya vita vya pili, utakutana na herufi mbili zaidi. I ni Bombay, na SA ni Pretoria. London ilikuwa inapigwa mabomu na meli zilikuwa zinazama baharini, kwa hiyo kazi ilipelekwa kwenye viwanda vilivyo upande huu wa dunia. Senti kumi za 1941 na 1942 zipo zenye I, na za 1943 na 1945 zina SA. Hapo chukua mizani, maana kuna tofauti ambayo jicho haliioni. Senti kumi za Mfalme George wa Sita za mwanzo, mpaka 1941, ni nene na zina uzito wa gramu 11 na kitu. Kuanzia 1942 zikafanywa nyembamba, zikashuka mpaka karibu gramu 9 na nusu. Upana wake haukubadilika, ndiyo maana wengi huzichanganya. Senti tano nazo zilipunguzwa vivyo hivyo. Mizani ndogo ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu itakutofautishia kwa dakika moja.

Angalizo ninalowapa wote wanaoanza: herufi ina maana ndani ya dola yake tu. A kwenye rupia au heller ya Kijerumani ni Berlin, na J ni Hamburg. Hata leo sarafu za euro za Ujerumani zina A na J za miji hiyo hiyo. A kwenye sarafu ya zamani ya Ufaransa ni Paris. Na A kwenye floreni ya Afrika Mashariki ya mwaka 1920 ni kampuni ya Ackroyd and Best ya Morley, jirani na Leeds, ambayo watu wengi hawajawahi kuisikia. Floreni zenyewe zilidumu muda mfupi sana kabla ya shilingi kuchukua nafasi mwaka 1921. Sarafu yoyote ya fedha ya Afrika Mashariki yenye mwaka 1920 iweke kando, ifungie peke yake, usimwonyeshe mnunuzi mpaka umeijua.

Sasa tuje Tabora, na hapa sitafanya haraka.

Vita vilipoanza 1914, manowari za Kiingereza ziliziba pwani, na koloni la Wajerumani halikuweza tena kupokea sarafu kutoka Berlin wala Hamburg. Watu walizificha rupia za fedha, na noti zilizochapwa humu humu nchini hawakuziamini. Serikali ikahamia bara, na katika karakana ya reli ya Tabora ikaanzishwa kazi ya kufua sarafu: heller 5 na heller 20, na baadaye rupia 15 za dhahabu. Zote zina mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora. Madini ya heller yalitoka kwenye kila kilichopatikana, yakiwemo maganda ya risasi na ya mizinga. Mwezi Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likaiteka Tabora, na kazi ikaisha. Kwa hiyo kila ulichonacho mkononi chenye T kilifanywa katika kipindi kifupi sana, na mafundi wa reli, kwa mitambo ambayo haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Ndiyo sababu ya hayo mataji yako mawili. Huko Berlin muhuri mmoja wa asili huzaa mihuri mingi inayofanana kabisa. Tabora mihuri ilichongwa hapo hapo, ikagonga vipande vigumu visivyo na unene mmoja, ikachakaa, ikachongwa mingine, na mkono wa mchongaji haukurudia kitu kilekile. Wakusanyaji wameigawa heller 20 ya Tabora hivi: upande wa taji una namna mbili, taji kubwa na taji dogo. Upande wa thamani una namna tatu, na siri yake iko kwenye L mbili za neno HELLER. Weka lenzi juu ya mguu wa L, ule mstari wa chini unaokwenda kulia. Mwisho wake kuna ncha. Katika namna moja ncha za L zote mbili zimechongoka, zimenyooka. Katika nyingine zote mbili zimejikunja. Katika ya tatu iliyojikunja ni ile L ya pili tu. Unganisha upande wa taji na upande wa thamani, kisha ongeza kwamba zilifuliwa kwa shaba ya manjano na pia kwa shaba nyekundu, utaona jinsi kipande kimoja cha heller 20 kinavyozaa orodha ndefu. Za shaba nyekundu ni chache kuliko za manjano.

Rangi ndiyo inayowapoteza watu. Shaba ya manjano ikikaa miaka 100 kwenye kopo huwa kahawia, na shaba nyekundu nayo huwa kahawia. Usikwangue hata kidogo, wala usipige tupa ukingoni. Nimeona vipande vizuri vimeharibiwa na mtu aliyetaka tu kujua rangi ya ndani. Angalia sehemu zilizoinuka ambazo vidole vimezisugua, kama sehemu ya juu ya taji, na angalia ukingo. Mara nyingi rangi halisi huchungulia hapo. Isipoonekana, tumia maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa chini wala ubavu wa glasi. Namba itakayosomeka ni ujazo wa sarafu. Gawanya uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo. Shaba nyekundu halisi itakupa karibu 8.9, na ya manjano itakuwa chini zaidi, karibu 8.5. Kwa kipande cha gramu 12 tofauti kati ya hizo mbili ni kama sehemu 6 za mia za gramu ndani ya maji, kwa hiyo mizani ya jikoni haifai. Rudia mara kadhaa, na upanguse vipovu vya hewa vinavyong'ang'ania kwenye herufi kabla ya kusoma.

Uzito peke yake hautakusaidia kuzigawa za Tabora. Kwa sarafu ya London, gramu moja kupungua ni jambo la kuuliza. Kwa Tabora ni kawaida.

Na kwa kuwa umeigusa T, nikutajie ile ya dhahabu. Rupia 15 ya Tabora ina tembo aliyeinua mkonga na milima nyuma yake. Zilifuliwa kama 16,000 tu, zenye uzito wa gramu 7.168, robo tatu yake ikiwa dhahabu safi. Nayo ina namna mbili: nakshi ya upande wa kulia huishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA au chini ya A ya kwanza ya neno hilo. Ukiikuta koponi, usimpe mtu yeyote aondoke nayo "akaipime". Nakala za kisasa ni nyingi, na nyingi ya zile halisi ziliwahi kutiwa kwenye mikufu, kwa hiyo tazama ukingo kama una alama ya kulehemiwa.

Umeuliza utajuaje tofauti ya kweli na uchakavu. Kanuni ninayoitumia ni kwamba tofauti iliyotoka kwenye muhuri hujirudia. Kama ncha ya L iliyojikunja ipo kwenye muhuri, itaonekana kwenye mamia ya sarafu, mahali palepale, kwa umbo lilelile. Kama ni pigo la jembe au msumari, ipo kwenye sarafu yako tu. Vilevile kilichotoka kwenye muhuri huinuka juu ya uso wa sarafu, au hukosekana kwa usafi, na madini hayasukumwi pembeni. Pigo la baadaye huacha shimo na kingo zilizopanda kandokando. Pitisha mwanga wa ubavuni, utaona kivuli cha hizo kingo.

Kuna mitego michache. Wa kwanza ni herufi iliyozibwa. Grisi na vumbi huingia kwenye tundu la herufi ndani ya muhuri, sarafu ikatoka na K bila N, au H iliyofifia mpaka ukadhani ni ya London. Hiyo haihesabiki kuwa aina mpya. Andika "KN hafifu" na uendelee. Wa pili ni herufi iliyofutwa kwa makusudi, hasa pale isiyo na herufi inapokuwa na bei zaidi. Palipofutwa huwa na mng'ao au mistari isiyofanana na sehemu nyingine. Wa tatu ni tundu. Kwenye senti zetu tundu lilitobolewa kabla ya kugongwa, kwa hiyo kingo zake ni laini na madini yamelegea kulizunguka. Tundu la kekee lina mistari ndani yake na hukata maandishi. Kipande chenye tundu lililokwenda pembeni tangu kiwandani kina mvuto wake, lakini kilichotobolewa na mtu aliyetaka kukivaa shingoni ni chakavu.

Heller za Kijerumani za bandari, zile za A na J, nazipita haraka kwa sababu hazina ugumu. Moja tu ukumbuke: heller 5 kubwa ya bronzi, pana na nzito karibu gramu 20, ilifuliwa Hamburg miaka ya 1908 na 1909, kwa hiyo lazima iwe na J. Ukiletewa yenye A, mshuku mletaji. Na kama kopo lina pesa za Mombasa za mwaka 1888, zile zenye mizani upande mmoja, angalia kama zina H ya Heaton au herufi C na M za kiwanda cha Calcutta, kisha ziandike kando.

Kuhusu kuosha. Ile rangi ya kahawia iliyotulia ni ngozi ya sarafu. Ndimu inaila hiyo ngozi pamoja na ncha ndogo za herufi, yaani kitu chenyewe unachokitafuta kwa lenzi. Heller 20 ya Tabora iliyosuguliwa ikang'aa huenda isitambulike kabisa ncha zake, na bei yake hushuka sana. Kama kuna udongo, loweka kwenye maji safi yaliyochujwa, yabadilishe, kisha gusa kwa kitambaa laini bila kusugua. Zihifadhi kwenye bahasha ndogo za karatasi, kila sarafu kwenye bahasha yake. Plastiki laini huacha utomvu wa kijani unaoendelea kuila shaba.

Kwenye kila bahasha andika nchi, thamani, mwaka, herufi ya kiwanda, madini, uzito, halafu alama ya muhuri ukiijua. Kwa mfano: "Afrika Mashariki, senti 10, 1936, KN, bronzi, gramu 11.2." Au: "Tabora, heller 20, 1916 T, shaba ya manjano, taji dogo, L zote zimejikunja." Mnunuzi anayejua kazi yake akiona bahasha ya namna hiyo hubadilisha mazungumzo papo hapo.

Sasa huyo bwana. Ondoa kwanza zote za 1936, zote zenye I na SA, zote za 1920, na chochote chenye T, A au J. Ondoa pia shilingi na sumni zote za kabla ya 1948, kwa kuwa zina robo ya fedha ndani yake. Zitakazobaki, hasa senti kumi za 1949 hadi 1956 zisizo na herufi na zilizochakaa, ziko nyingi sana kila mahali, na hizo ukitaka mpe kwa kilo bila kujuta. Kwa zile heller mbili, nipigie picha nne, pande zote za kila kimoja, mwanga ukitoka ubavuni na kamera ikiwa imenyooka juu yake. Neno HELLER lionekane lote mpaka mguu wa L ya pili.